Kupima usikivu wa mtoto mchanga wodini: mwongozo kwa muuguzi na mkunga anayeanza

Kila wauguzi wapya wanapopangiwa wodi ya wazazi na kukabidhiwa mashine ya kupimia masikio ya watoto wachanga, maswali huwa ni yale yale: mtoto apimwe lini, kwa nini mashine inakataa wakati mtoto amelala fofofo, na mama aambiwe nini jibu lisipokuwa zuri. Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, na umeandikwa kwa ajili yako unayefanya kazi katika hospitali au kituo cha afya cha Dar es Salaam, ambako wodi imejaa, feni hazizimwi, na mama aliyejifungua salama huruhusiwa kurudi nyumbani baada ya saa 24. Kutumia vitufe vya mashine utajifunza kwa asubuhi moja. Yanayohitaji uangalifu wako wote ni mawili: kumtayarisha mtoto na sikio lake kabla ya kipimo kuanza, na kuhakikisha kwamba mtoto ambaye hakupita anarudi.

Inakadiriwa kwamba kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa, mmoja hadi watatu huwa na upungufu wa kudumu wa usikivu, na karibu nusu yao hawana kihatarishi chochote ambacho ungekikuta ukisoma faili la mama. Ndiyo sababu tunawapima wote badala ya kuchagua. Ratiba inayofuatwa katika nchi nyingi ni ya mwezi wa 1, wa 3 na wa 6: mtoto awe amepimwa kabla ya kutimiza mwezi mmoja, awe amethibitishwa na mtaalamu kabla ya miezi mitatu ikiwa hakupita, na awe ameanza kusaidiwa kabla ya miezi sita. Lugha huanza kujengeka mapema kuliko wengi wanavyodhani, na mtoto anayegundulika akiwa na miaka mitatu, familia ilipoanza kushangaa kwamba hasemi, huwa amepoteza muda ambao ni vigumu sana kuufidia.

Nadharia unayoihitaji ni ndogo. Mwaka 1978 mwanasayansi David Kemp, akiwa London, alionyesha kwamba sikio la ndani lenye afya, likipokea sauti, hutoa sauti yake ndogo sana inayorudi nje na kuweza kunaswa kwa maikrofoni. Mashine ya OAE hutuma sauti sikioni na kusikiliza jibu hilo. Mashine ya pili, ABR ya kujiendesha, hubandikwa nyaya kichwani na kupima kama mshipa wa fahamu unapeleka sauti hadi kwenye shina la ubongo. Wodini utaitumia zaidi ile ya kwanza. Ya pili ina watoto wake, nao nitawaeleza baada ya hatua za kawaida.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Uwe na mashine iliyochajiwa usiku mzima, kwa kuwa umeme ukikatika katikati ya zamu hutakuwa na nafasi ya kusubiri. Uwe na vizibo vya mpira vya probu (kile kipande cha mashine kinachoingia sikioni) vya ukubwa mbalimbali, vya kutosha kila mtoto apate chake kilicho safi. Spiriti ya asilimia 70 na vitambaa laini vya kufutia. Sabuni na maji ya kunawia mikono. Rejesta ya kipimo. Na kalenda ya kliniki ya marudio. Kanga mbili safi za akiba zitakusaidia pale ambapo za mama zimelowa.

Tafuta pia chumba. Kisiwe chumba cha kungojea wala kile kinachotazama barabara ya daladala na bajaji, na kisiwe na jenereta nyuma ya dirisha. Kama hakuna chumba cha ziada, ofisi ya muuguzi kiongozi ikifungwa mlango na kuzimwa feni kwa dakika kumi inatosha kabisa, na inafaa kuliko pembe ya wodi iliyozungushiwa pazia, kwa sababu pazia halizuii sauti.

Hatua za kufuata

1. Ipime mashine kabla ya kumpima mtoto. Kila asubuhi angalia ncha ya probu kwenye mwanga, kwa kuwa nta au ute mdogo kama chembe ya mchanga unatosha kuziba tundu lake. Kisha fanya ukaguzi wa probu kwa kutumia kitundu cha majaribio kinachokuja na mashine, na ujipime sikio lako mwenyewe ikiwa unajua usikivu wako ni mzima. Ikiwa wewe hupiti, usianze na watoto.

2. Chagua saa. Katika saa za kwanza baada ya kuzaliwa, njia ya sikio huwa na ute mweupe na sikio la kati huwa na majimaji, na vyote viwili huzuia jibu kutoka. Subiri angalau saa 24, na kwa mtoto aliyezaliwa kwa upasuaji ngoja hadi saa 48 ikiwa bado yupo wodini, maana majimaji hayo huchelewa kukauka. Mama anayeruhusiwa baada ya saa 24 mpimie mtoto wake mwisho kabisa, karibu na muda wa kutoka, badala ya kumpima alfajiri kwa sababu tu wewe uko huru. Pia mpime kabla ya sindano ya BCG (chanjo ya kifua kikuu), kwani mtoto aliyetoka kuchomwa hatatulia upesi. Kwa siku nzima, wakati ulio bora ni kati ya raundi ya madaktari kumalizika na ndugu wa mchana kuruhusiwa kuingia.

3. Zungumza na mama kabla ya kumgusa mtoto. Mpe hongera, jitambulishe, kisha sema kwa ufupi: "Mama, naomba nimpime mtoto masikio. Hakuna sindano wala maumivu. Nitaweka mpira mdogo sikioni na yeye ataendelea kulala. Jibu tutalipata hapa hapa." Ikiwa bibi yupo, mwamkie na umweleze yeye pia, kwa kuwa mara nyingi yeye ndiye atakayeamua kama mtoto atarudishwa au hatarudishwa. Bibi akikwambia kwamba mtoto anashtuka mlango ukigongwa, hivyo anasikia, usimpuuze. Mjibu kwa heshima: "Ni kweli, bibi, na ni dalili njema. Lakini mtoto anaweza kushtushwa na kishindo kikubwa, hata na mtikisiko wa kitanda, na bado asisikie maneno vizuri, au akawa anasikia kwa sikio moja tu."

4. Soma faili. Andika kihatarishi chochote unachokiona: ndugu aliyezaliwa hasikii, maambukizi wakati wa ujauzito kama kaswende, rubela au virusi vya saitomegalo, uzito wa kuzaliwa chini ya gramu 1,500, mtoto aliyechelewa kulia na kuhitaji kusaidiwa kupumua, manjano makali yaliyohitaji kubadilishiwa damu, homa ya uti wa mgongo, na matumizi ya jentamaisini kwa zaidi ya siku tano, dawa ambayo watoto wengi wenye maambukizi ya damu hupewa pamoja na ampisilini. Mtoto aliyelazwa chumba cha watoto mahututi kwa zaidi ya siku tano usimpime kwa OAE peke yake.

5. Mtulize mtoto. Hii ndiyo hatua ambayo wanaoanza huifupisha, kisha hutumia nusu saa kupambana na mashine. Mwombe mama amnyonyeshe hadi ashibe, amcheulishe na ambadilishe nepi. Mfunge kwenye kanga, mikono ikiwa ndani, kwa sababu mkono mmoja uliobaki nje utaivuta waya ya probu mara tu utakapogusa shavu. Anaweza kulala kitandani au mikononi mwa mama. Wakati wa kipimo asiwe ananyonya, iwe titi au chuchu ya plastiki, kwani kunyonya na kumeza hutoa sauti kubwa ndani ya sikio ijapokuwa wewe husikii chochote. Akihema kwa kelele kwa sababu pua imeziba, safisha pua kwanza. Mtoto anayelia usimpime kabisa: mrudishe kwa mama, nenda kwa mwingine.

6. Tazama sikio kwa nje. Angalia kama njia ya sikio ipo na iko wazi, na kama kuna vinyama au vitundu mbele ya sikio. Sikio lililozaliwa bila tundu usilipime; andika na mpeleke mtoto moja kwa moja kwa daktari wa masikio, pua na koo. Ute ulio mdomoni mwa njia ya sikio ufute kwa kitambaa laini, lakini usiingize kijiti cha pamba ndani. Kinausukuma ute ndani zaidi, na ngozi ya pale ni nyembamba mno. Badala yake, sugua taratibu kwa kidole kile kinyama cha mbele ya tundu la sikio kwa nusu dakika hivi. Mara nyingi njia iliyojibana hufunguka.

7. Weka probu. Chagua kizibo kikubwa kidogo kuliko unavyodhani kinafaa, kwa sababu kosa la kawaida ni kuchagua kidogo kinachovuja. Kwa mkono mmoja vuta sikio taratibu kuelekea chini na nyuma. Kwa mtoto mchanga halivutwi juu kama kwa mtu mzima. Kwa mkono wa pili ingiza kizibo kikielekea usawa wa pua, ukikizungusha kidogo hadi kikae chenyewe. Sasa uachie. Probu iliyokaa vizuri haihitaji kushikwa, nayo waya yake ibanwe kwenye kanga ya mtoto isije ikavuta. Ukiishika kwa vidole muda wote, mtetemo wa mkono wako ndio utakaokuwa kelele inayokusumbua.

8. Anza kipimo ukiwa unatazama skrini, usimtazame mtoto tu. Mashine itaonyesha kwanza kama probu imeziba vizuri, kisha kiwango cha kelele. Kelele ikipanda, subiri. Nyingi za mashine hizi husimama zenyewe na kuendelea kelele ikishuka. Mtoto akiwa ametulia, sikio moja huchukua kati ya sekunde chache na dakika mbili. Anza na sikio lililo juu namna mtoto alivyolala, usimgeuze kabla ya kumaliza upande huo.

9. Rudia, lakini kwa kiasi. Mashine ikiandika REFER (hakupita), toa probu, kagua ncha, badilisha kizibo kama kimechafuka, sugua tena mbele ya sikio, kisha jaribu mara ya pili. Baada ya majaribio mawili yaliyofanyika vizuri kwa sikio moja, acha. Ukiendelea kujaribu mara tano au sita hadi PASS (amepita) itokee, hujampima mtoto tena. Umeipa bahati nafasi ya kukuandikia jibu, na anayedhulumiwa ni mtoto ambaye hatarudishwa.

10. Andika papo hapo: sikio la kulia na la kushoto kila moja peke yake, tarehe, saa, umri wa mtoto kwa saa, aina ya mashine na jina lako. Mtoto aliyepita sikio moja hajapita. Jibu liandikwe kwenye rejesta na kwenye kadi ya kliniki ya mtoto, kwa kuwa rejesta inabaki kwako, bali kadi ndiyo inayosafiri na mama hadi kituo kingine.

11. Toa jibu, na kama hakupita, toa tarehe. Hatua hii inastahili sehemu yake.

Namna ya kumwambia mama ambaye mtoto hakupita

Kuna maneno mawili ambayo nakuomba uyaepuke kabisa. La kwanza ni "mtoto hasikii", kwa sababu kipimo hiki hakina uwezo wa kusema hivyo. Watoto wengi wasiopita siku ya kwanza hupita wanaporudi majimaji yakiwa yamekauka. La pili ni "usijali, ni uchafu tu", ambalo linasikika la huruma lakini lina madhara makubwa zaidi, maana mama aliyeambiwa hakuna tatizo hana sababu ya kupanda daladala mbili akiwa na kidonda cha upasuaji ili arudi kupimwa.

Sema hivi: "Mama, sikio la kulia limejibu vizuri. La kushoto leo halikutoa jibu la kutosha. Mara nyingi ni majimaji ya uzazi, lakini kwa leo siwezi kukuhakikishia, ndiyo maana lazima tulirudie. Njoo naye tarehe hii." Kisha nyamaza, mwache aulize. Wapo watakaomwuliza mama alikula nini au alifanya nini akiwa mjamzito. Akiwa bado mbele yako, mweleze mbele ya aliyefuatana naye kwamba hakuna alichokosea.

Tarehe ya marudio ifungamane na safari ambayo mama angeifanya hata hivyo. Mahudhurio ya baada ya kujifungua ya siku ya 7 na siku ya 28 yanafaa vizuri, na yote yako ndani ya mwezi wa kwanza. Chanjo ya wiki ya 6 imechelewa kidogo, ila ni afadhali kuliko kutorudi. Anaporudi, pima masikio yote mawili hata kama lilikosa moja.

Halafu chukua mawasiliano kwa makini kuliko unavyofanya kwa mambo mengine. Namba ya simu ya mama peke yake haitoshi. Andika na namba ya pili, na uandike ni ya nani: baba wa mtoto, bibi, au jirani. Uliza swali ambalo fomu nyingi hazina: "Arobaini utaimalizia wapi?" Mzazi wa Mbagala mwenye mtoto wa kwanza anaweza kuwa anakwenda kukaa kwa mama yake Bagamoyo au Morogoro, na anwani ya nyumbani uliyoiandika itakuwa haina mtu kwa muda wote unaomhitaji. Ukilijua hilo mapema, utampangia marudio kabla hajasafiri.

Asiyepita mara ya pili apelekwe kwa mtaalamu wa usikivu kwa uchunguzi kamili, akiwa na barua inayoonyesha majibu yote mawili na vihatarishi. Mweleze mama kwamba msaada upo: kuna vifaa vya kusaidia kusikia, kuna Lugha ya Alama ya Tanzania, na Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuwapandikizia watoto vifaa vya koklea (vya kusikia, vinavyowekwa ndani ya sikio) mwaka 2017. Mama anayejua kwamba mbele kuna la kufanyika huwa mwepesi wa kufuata hatua inayofuata.

Watoto waliolazwa, njiti na wenye manjano

Kwa watoto hawa tatizo linaweza kuwa kwenye mshipa wa fahamu wakati sikio la ndani ni zima. OAE itaandika PASS, na mtoto hasikii. Kwa hiyo wapimwe kwa ABR ya kujiendesha, wakati hali yao imetengemaa na wanakaribia kuruhusiwa. Safisha ngozi ya paji la uso na ya nyuma ya shingo au nyuma ya sikio kwa kitambaa chenye dawa yake, futa mafuta yote ambayo mtoto amepakwa, ndipo ubandike elektrodi; ngozi yenye mafuta ndiyo sababu kubwa ya mashine kukataa kuanza. Zima simu yako na mtoe mtoto kwenye taa ya kutibu manjano kwa muda wa kipimo, ikiwa daktari ameruhusu. Mtoto ambaye hakupita ABR asirudiwe kwa OAE ili apite, kwani utakuwa umemficha yule yule uliyekuwa unamtafuta. Kama kituo chako hakina ABR, mpe rufaa hata kama OAE imepita.

Mtoto aliyepita

Mwambie mama kwamba leo masikio yamejibu vizuri, na kwamba usikivu unaweza kupungua baadaye kwa homa ya uti wa mgongo, usaha wa masikio usiotibiwa au baadhi ya dawa. Arudi ikiwa kwenye miezi 3 mtoto hatulizwi na sauti yake, kwenye miezi 6 hageukii sauti, au akifikisha mwaka hana neno hata moja. Asimtie mafuta wala maziwa ya titi sikioni.

Mashine inapokataa

*Inasema kelele ni nyingi na chumba kiko kimya.* Kelele inatoka kwa mtoto au kwa waya. Sikiliza pumzi yake, angalia kama anatafuna ulimi, tazama kama waya inasugua kanga.

*Inasema probu inavuja.* Panda ukubwa mmoja wa kizibo. Ikiendelea, vuta sikio chini na nyuma upya. Huenda ncha inagusa ukuta wa njia ya sikio.

*Inasema probu imeziba.* Itoe na uitazame kwenye mwanga. Safisha ncha kwa kifaa chake, kamwe usiitumbukize kwenye spiriti au klorini.

*Watoto watatu mfululizo hawakupita masikio yote mawili.* Simama. Rudia hatua ya 1, kwa kuwa uwezekano mkubwa ni kwamba tatizo ni la probu. Ukikuta kweli ni mbovu, waite tena wote uliowapima tangu ukaguzi wa mwisho, pamoja na waliopita.

*Inasumbua zaidi wakati wa masika.* Unyevu wa Dar es Salaam huingia kwenye vijitundu vya probu. Hifadhi mashine kwenye sanduku lake pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, na usiitoe kwenye chumba chenye kiyoyozi kikali na kuitumia papo hapo kwenye wodi yenye joto. Iache dakika chache izoee.

*Mama hakuja tarehe uliyompa.* Mpigie siku hiyo hiyo mchana, usingoje wiki iishe. Simu ya kwanza isipopatikana, piga ya pili. Ukikosa zote, peleka jina la mtoto na namba ya kadi kwa muuguzi wa chanjo wa kituo kilicho karibu na anapoishi, na kwa mhudumu wa afya wa mtaa wake, ili wiki ya 6 atakapoletwa kuchanjwa asiondoke kabla masikio yake hayajapimwa.